Upande wa Kushoto

22 Februari, Ijumaa
Chama cha historia cha mji kimetupa kazi: video ya nusu saa ya mzee Orrin Stannard akichemsha utomvu wa miti ya mepo mpaka uwe shira tamu, ioneshwe ukumbini mwezi ujao kabla wageni hawajaanza kumiminika. Orrin ana miaka sabini na tisa, na amechemsha misimu sitini na mmoja bila kuruka hata mmoja. Picha atapiga Anselm Goyette. Sauti ni mimi, Maxine Pelkey, niliyeshika maikrofoni katika bonde hili miaka ishirini na sita: mikutano ya mji, kwaya, mechi za hoki, mazishi. Hakuna mtu hapa ambaye sijawahi kumrekodi akijikohoza.
Daftari hili ni la kuandika tulirekodi nini siku gani. Likigeuka kuwa malalamiko juu ya Anselm, basi ligeuke.

25 Februari
Baridi ya kukata pua. Utomvu umeganda ndani ya miti. Hakuna kazi.

27 Februari
Anselm kaja na maikrofoni ya stirio, ndogo kama limau, ya kukaa juu ya kamera. Ndani ina masikio mawili, moja linaelekea kushoto na jingine kulia. Kaileta kwa majivuno kana kwamba kaizaa mwenyewe.
Nikamwambia mtu ana mdomo mmoja, na mdomo mmoja unatosheka na maikrofoni moja, mradi uisogeze karibu. Mono, yaani sauti ya njia moja, haina ujanja. Kilichoingia ndicho kinachotoka, masikio yote mawili yanapata kitu kilekile, na bibi kizee mwenye televisheni ya zamani anasikia sawa na tajiri mwenye spika sita.
"Mdomo sawa," akasema. "Lakini nyumba ya Orrin ya kuchemshia si mdomo, Mama Mono. Moto uko huku, maji yanadondoka kule, mlango unalia nyuma. Ukivibana vyote kwenye tundu moja vinakuwa uji."
Akanivalisha hedfoni nisikilize alichorekodi jikoni kwake, akizunguka meza huku anatikisa funguo. Akaniuliza kama nasikia zinavyotembea. Nikasema nasikia. Kwa kweli nilisikia funguo zinakuja, zinafifia, zinarudi. Nikadhani maikrofoni yake ni mbovu, nikaona nisimwumbue.
Mama Mono. Sijui hilo jina litaniganda mpaka lini.

2 Machi
Tumeafikiana. Orrin akiongea, nambandika maikrofoni yangu ya mono kwenye kola. Sauti ya nyumba yenyewe tutatumia limau la Anselm. Chama cha historia kinataka mvuke usikike "kila upande". Sijui mvuke una pande ngapi.

4 Machi
Theluji mchana kutwa. Nimefua soksi.

8 Machi, Ijumaa
Utomvu umeanza kutoka. Usiku barafu, mchana jua, kama miti inavyotaka. Tulifika kwa Orrin saa tatu asubuhi tukamkuta tayari anakoka moto chini ya sinia lake la kuchemshia, refu kuliko kitanda, mvuke umejaa mpaka darini.
Nilipombandika maikrofoni alinitazama akasema, "Wewe binti wa Leon Pelkey. Baba yako alikuwa na masikio ya kulungu. Alisikia gari likiharibika kabla mwenyewe hajaliwasha."
Alieleza vizuri: jinsi utomvu unavyoingia sinia la nyuma ukiwa mwembamba kama maji na kutoka la mbele ukiwa shira, na jinsi madebe arobaini yanavyokuwa debe moja. Nilinasa kila neno. Mono kwenye kola, hakuna kinachoishinda.
Aliyetuharibia ni Roberta, bintiye. Ana miaka hamsini na mbili, anafanya kazi posta, alirudi kuishi na baba yake mama alipofariki. Haondoki hapo. Orrin akisita kidogo kutafuta neno, yeye kashalisema. Orrin akigeukia kuni, yeye kashazitupa motoni. Mara tatu nilimwomba anyamaze tunaporekodi. Mwanamke mkavu, mwenye haraka ya kutawala nyumba ambayo bado ina mwenyewe.

11 Machi
Mvua. Barabara imekuwa tope. Gari la Anselm limezama hadi mhimili.

14 Machi, Alhamisi
Siku nzuri kuliko zote. Utomvu ulikuwa unakimbia, Orrin alichemsha tangu alfajiri.
Anselm aliweka kamera ya pili juu ya stendi ya miguu mitatu katikati ya nyumba, limau juu yake, akaniachia. Tanuri la sinia lilikuwa upande wa kulia wa kamera, na kushoto ukuta wenye simu ya zamani ya kamba, kwa sababu bondeni humu simu za mkononi hazishiki. Yeye akatoka nje kupiga picha za mvuke ukitoka paani. Orrin naye alikuwa nje akipasua kuni. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, hedfoni kichwani, macho kwenye vile vijistari viwili vinavyopanda na kushuka kuonesha nguvu ya sauti. Dakika ishirini za mngurumo mtamu. Sijawahi kurekodi moto vizuri hivi, na inaniuma kwamba ni kwa maikrofoni ya Anselm.
Roberta aliingia akakaa kidogo pale ukutani. Alipokuwa anatoka alinipitia kwa nyuma akaniambia kitu, nikaitikia kwa kichwa. Nadhani aliuliza kama nataka kahawa. Kahawa haikuja.

19 Machi
Nahariri. Anselm anapanga picha, mimi natia sauti juu yake. Aliniomba niisikilize ile ya nyumba nzima mara nyingine, maana kompyuta yake ina spika ya kijinga na hawezi kuamua. Nimeisikiliza mara mbili kwa hedfoni nzuri. Mngurumo safi. Nimeiweka dakika ya kumi na saba, nikaiacha iende dakika mbili nzima bila maneno, mtu akae ndani ya moto.

21 Machi
Imekwisha. Anselm kaleta keki ya tufaha. Nikasema stirio yake haikuwa mbaya. Alicheka hadi akapaliwa.

23 Machi, Jumamosi
Nitaandika kama ilivyokuwa.
Ukumbi wa wakulima ulijaa saa tisa alasiri, watu kama tisini. Skrini mbele, spika mbili kubwa, moja kila pembe. Orrin alikaa mstari wa kwanza upande wa kushoto, kavaa tai. Roberta kando yake. Mimi nilikuwa na mitambo kwenye meza ya pembeni kulia, karibu kabisa na spika ya huko. Anselm alisimama mlangoni.
Watu walicheka pale Orrin anapoonja shira na kujiunguza ulimi. Walinyamaza alipomtaja marehemu mkewe. Nilikuwa nafurahi. Ikafika dakika ya kumi na saba, mngurumo ukaanza, mvuke ukajaa skrini.
Baada ya muda kidogo nilisikia kama watu wanapiga soga humo ukumbini. Maneno sikuyashika, mvumo tu ndani ya mngurumo. Niliudhika. Nikaona mwalimu Hollis kageuka kumtazama mkewe. Kisha vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuelekea mstari wa mbele, halafu vikageuka tena haraka, kama watu waliochungulia chumba wasichopaswa. Roberta alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili.
Orrin akasimama.
"Rudisha hapo," akasema.
Nilidhani kapenda moto wake. Mungu anisamehe, nilidhani mzee kapenda moto wake anataka kuuona tena. Nikarudisha nyuma dakika moja nikabonyeza. Video ikacheza mara ya pili. Orrin alisimama kainamisha kichwa kuelekea ile spika ya kushoto, mkono nyuma ya sikio. Anselm alikuja mbio kati ya viti akachomoa waya ukutani kwa nguvu hata meza ikasogea.
Orrin alichukua kofia yake akatoka kwa mlango wa mbele bila kumtazama mtu. Roberta alinijia moja kwa moja. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.
"Nilikuomba," akasema. "Nilikuja mpaka ulipokaa nikakuomba uikate. Ukaitikia kwa kichwa."
Nikamuuliza kukata nini. Alinitazama kama mtu anayemwangalia nyoka, akaondoka.
Watu walitoka bila kugusa biskuti. Hakuna aliyenisemesha. Na mimi, kwa kweli kabisa, sikujua nimefanya nini.

24 Machi, Jumapili
Niliamka nikaiweka dakika ya kumi na saba, hedfoni kichwani. Moto. Nikairudia mara nne. Moto, moto, moto.
Anselm alikuja saa nne. Kabla hajavua koti nilimwambia kilichokuwa moyoni: kwamba kaichezea rekodi yangu baada ya mimi kumkabidhi, kwamba kuna kitu kakitia humo, kwamba kaniaibisha mbele ya mji kwa sababu ya kimaikrofoni chake. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.
Alichukua hedfoni akasikiliza, akafumba macho. Kisha akanitazama muda mrefu.
"Vaa tena," akasema.
Nikavaa. Akanyoosha mikono, akazigeuza kichwani pangu, ya kushoto ikaja kulia na ya kulia ikaenda kushoto. Akabonyeza.
Mngurumo ulipungua ukawa kama uko chumba cha pili, na sauti ya Roberta ikaingia sikioni kana kwamba kaniegemea begani. Anaongea kwenye simu na kaka yake, Wendell, aliyeko pwani:
"Hii ndiyo chemsha yake ya mwisho, Wendell, hajui. Wiki iliyopita kaniita kwa jina la mama mara mbili. Jana nimemkuta kasimama mbele ya sinia linafoka, hajui afanye nini, anatazama mikono yake tu. Nimeshaongea na wale wa nyumba ya wazee, nafasi ipo mwezi wa tano. Miti nitampa mtu aikodi. Usimwambie. Acha amalize msimu wake kwa raha, nitamwambia mimi."
Na mwishoni kabisa, karibu na maikrofoni: "Maxine, hayo ya simu uyatoe, tafadhali."
Nilivua hedfoni. Nikazivaa zilivyokuwa. Moto. Nikazigeuza. Roberta. Nikafanya hivyo sijui mara ngapi, kama mtoto anayewasha na kuzima taa. Anselm alikuwa kakaa sakafuni, mgongo ukutani.
"Tangu lini husikii kushoto?" akauliza.
Sijui. Hilo ndilo linalonitisha. Sijui. Nawaza simu ninavyoiweka kulia siku zote. Nawaza watu wanavyonishtua wakitokea kushoto. Zile funguo. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu nami nikayapangia visingizio.
Anselm alinieleza polepole, bila kejeli. Kwa mono ningesikia kitu, maana sauti zote zingekuja kwenye sikio langu zima. Tena kwa mono hata wale tisini wasingeyashika maneno, yangezama ndani ya mngurumo. Stirio iliutenga moto ukaenda huku na Roberta akaenda kule, na mtu mwenye masikio mawili anachagua asikilize nini. Ukumbi mzima ulichagua. Mimi tu sikuwa na cha kuchagulia.

26 Machi
Nilikwenda posta. Nikasubiri wateja waishe, nikamweleza Roberta. Alisikiliza huku anapanga barua.
"Fundi wa sauti asiyesikia," akasema. "Umepata muda wa kuitunga hiyo."
Kuna kitu kilinizuia kukasirika. Nilimwona macho yamevimba, sweta kaivaa ndani nje. Aliniambia baba yake kajifungia nyumba ya kuchemshia, analala kwenye kochi la huko, hataki chakula chake. Anachemsha peke yake. Hiyo ndiyo inayomtoa roho: peke yake, na moto ule.
Mwanamke niliyemwita mkavu. Kila neno alilomtangulia baba yake mbele ya kamera lilikuwa la kumfunika asione aibu. Mimi nikawa namwambia anyamaze.

29 Machi, Ijumaa
Wamenifungia kwenye kijichumba cha mtaalamu wa masikio. Unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Sikio la kulia nilibonyeza kama mpiga kinanda. Kisha kukawa kimya, nikangoja waanze la kushoto. Nikangoja. Mlango ukafunguliwa, yule dada akasema tumemaliza.
Nikamwambia hawajaanza la kushoto.
Akaketi kwenye kiti mbele yangu, akanishika goti.

1 Aprili
Kumbe tangu Jumatano iliyopita Anselm anakwenda kwa Orrin kila asubuhi kabla ya kazi. Anabeba kuni, anakaa mpaka moto utulie. Hakuniambia. Nimeambiwa na mwenye duka.

3 Aprili
Nimelazwa ndani ya mtambo wa kupiga picha za kichwa, unaogonga kama fundi bati. Nimeusikia upande mmoja.

5 Aprili, Ijumaa
Orrin ameniita. Ujumbe ulikuja kwa Anselm: "Mwambie binti wa Leon aje, asiogope."
Niliogopa. Nyumba ilikuwa na mvuke, sufuria ya mayai yaliyochemshwa kwenye utomvu iko pembeni, kochi lina blanketi. Alikuwa hajanyoa. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono.
"Ulisikia kabla ya siku ile?"
Nikasema hapana, nikamwonesha sikio, nikamweleza. Alinisogelea, akapiga vidole kando ya sikio la kushoto, akatazama uso wangu. Akapiga tena.
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo."
Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akakaa. Tulitazama moto. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli alimwita Roberta kwa jina la mama yake. Nikamwambia mimi sikuwepo, najua tu aliyoyasema Roberta.
"Mimi nilikuwepo," akasema, "na sijui."
Mtu huyu alinishtua kuliko pale ukumbini, kwa sababu aliyasema hayo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Akasema wiki zote hizi alikuwa na hasira kwa Roberta kwa uongo wake, mpaka juzi alipojikuta amevaa makoti mawili na hakumbuki kuvaa hata moja.
Kisha akanieleza shida yake. Hataki video ya mvuke. Anataka kusema kila kitu kuhusu uchemshaji, hatua kwa hatua, angali nacho: unajuaje kwa macho tu, unajuaje kwa harufu, unafanya nini sinia likikasirika. "Lakini ile maikrofoni ya watu wote wanaoongea kila pembe sitaki. Niweke mimi peke yangu."
Nikamwambia ya namna hiyo ndiyo niliyonayo.

8 Aprili
Daktari alionesha picha ya kichwa changu. Uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, ukubwa wa harage. Si saratani. Umekua polepole, labda miaka kumi, ukinizimia sikio kidogo kidogo nisishtuke. Wakiuacha utasukuma ubongo. Wakiutoa, hata mabaki ya usikivu wa sikio hilo yataondoka nao. Upasuaji ni tarehe ishirini na mbili Mei.
Miaka kumi. Nimerekodi nini miaka kumi?

9 Aprili
Nimesikiliza kwaya ya Krismasi ya miaka sita iliyopita, hedfoni zimegeuzwa. Wale wa sauti za juu, upande wa kushoto, wamepotoka kabisa. Niliwasifia.

10 Aprili, Jumatano
Siku ya tatu ya kurekodi. Mono kwenye kola. Jua kali, utomvu unakimbia, huenda ni mara ya mwisho maana vichipukizi vimeanza kuvimba, na vikifunguka shira inaharibika ladha.
Roberta alikuja leo kwa mara ya kwanza tangu ukumbini. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono kwenye mifuko ya koti la posta. Baba yake alimwona akaendelea kuongea na kamera. Mimi na yeye hatukuamkiana.
Orrin alikuwa anaeleza povu. Shira ikikaribia kuiva, povu linaweza kupanda ghafla, na likimwagika, shira iliyobaki inaungua pamoja na sinia na kila kitu kimekwisha. Akasema, "Sasa hapo unachofanya..." akanyamaza.
Na povu likapanda. Halikungoja amalize. Lilivuka nusu ya sinia, likafika ukingoni, likaanza kuteremka upande wa moto na kufoka. Orrin alikuwa kashika mwiko, kautazama. Katika hedfoni nilisikia pumzi zake tu, fupi fupi, karibu kama zangu. Anselm aliacha kamera. Mimi nilisimama na sikujua cha kufanya.
Roberta alipita kati yetu. Alichukua kikombe cha krimu ya maziwa kwenye rafu, akachovya kijiko, akadondosha tone moja katikati ya sinia. Tone moja. Povu likaanguka kama hema iliyokatwa kamba.
Orrin alilitazama sinia, kisha akamtazama yeye.
"Nani kakufundisha?"
"Wewe, Baba. Nilikuwa na miaka tisa."
Mashavu ya Orrin yalikuwa mekundu kwa joto au kwa jambo jingine. Kisha akanigeukia.
"Una kingine kama hiki?" akauliza akigusa maikrofoni. "Mwekee na huyu."
Nilikuwa nacho mfukoni. Nilipokuwa nambandika Roberta kwenye kola, alinishika kiganja. Aliinamisha mdomo hadi sikio langu la kulia, si la kushoto, akasema, "Anselm kaniambia. Pole."
Kuanzia hapo kila Orrin alipokwama, Roberta hakulisema neno. Alingoja. Likichelewa sana, alimuuliza kitu cha pembeni, na neno likaja lenyewe. Sikumwomba anyamaze hata mara moja.

13 Aprili, Jumamosi
Chemsha ya mwisho. Shira imetoka nyeusi na nzito. Vichipukizi vimefunguka, mirija ya utomvu imetolewa mitini.
Orrin alizungumza na Roberta mbele yetu. Atakwenda nyumba ya wazee mwezi wa tano kama alivyopanga bintiye, lakini miti haikodishwi. Roberta atachemsha. Na msimu ukifika waje wamchukue akae kwenye kochi lake, hata kama atakuwa hajui ni la nani. Roberta alikubali. Akaenda nje kuosha ndoo, akaosha ndoo ileile kwa nusu saa.

17 Aprili
Saa kumi na moja na dakika arobaini za sauti ya Orrin, mono, safi. Nimezipanga kwa hatua, na Anselm kaweka picha. Nilimwomba azisikilize zote baada yangu, upande kwa upande. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwomba mtu hivyo. Alisema sawa, akafungua daftari, akaanza. Nilikaa nikimtazama mtu anayesikia.

20 Aprili
Tope limekauka. Tumepeleka nakala kwa Roberta. Orrin aliitazama saa nzima kaketi karibu na televisheni, akitikisa kichwa kwa kila alilosema, kama anamkubalia mtu mwingine. Mwishoni alitushukuru, akamwambia Roberta yule mzee anajua kazi.

23 Aprili, Jumanne
Simu imelia saa mbili asubuhi. Alikuwa Orrin, sauti changamfu, ya mtu aliyelala vizuri. Akasema amekuwa akifikiri jambo. Akasema kichwa chake siku hizi hakimpi uhakika, na kabla hakijamwachia kabisa angependa kusema yote anayoyajua kuhusu uchemshaji, hatua kwa hatua, ili Roberta awe nayo. Akauliza kama nina maikrofoni ya kazi hiyo, na kama tunaweza kuanza upesi.
Nilisimama na simu mkononi. Nyuma yake nilisikia mtu anaosha vyombo, kisha maji yakafungwa.
Nikamwambia tunaweza. Nikamwambia tutakuja kesho saa tatu.
Nimempigia Anselm. Akasema ataleta betri mbili.